Gustave Eiffel: fundi wa vyuma aliyepima mbele ya kupiga nyundo

Mtu wa huku kwetu mashariki hahitaji kufundishwa maana ya kilalo. Kilalo kikivunjika, makamio yanapanga mstari huku na ngambo, bei ya unga inapanda sokoni, na mgonjwa anayepelekwa hospitali anavushwa mugongoni ama kwa mtumbwi. Halafu siku moja vyuma vinafika, vipande vipande, mafundi wanafunga buloni, na njia inafunguka tena. Tunasimama pembeni tukishangaa vile vipande vyote vinaingiana, tundu kwa tundu, bila kukata wala kulazimisha.

Namna ile ya kujenga ina wazazi wengi. Mmoja wao ni Gustave Eiffel, Mfaransa ambaye dunia nzima inamjua juu ya mnara wa Paris. Lakini mnara ule ulikuja wakati alikuwa na miaka zaidi ya 50. Mbele yake kulikuwa vilalo, gare za treni, atelye, deni na makelele ya nyundo. Na nyuma yake kulikuja tribinali, na kilalo kimoja kilichoua watu. Leo tunasimulia maisha yake yote, mazuri na mabaya.

Mtoto wa mama muuza makala

Eiffel alizaliwa tarehe 15 Desemba 1832 katika muji wa Dijon, Ufaransa. Baba yake aliwahi kuwa askari. Mama yake, Catherine-Mélanie, njo alikuwa na kichwa cha biashara: aliuza makala ya mawe, yale yanayochimbwa ardhini na kuchoma tanuru za viwanda. Biashara ilimchukua mama siku nzima, basi mtoto akalelewa sana na nyanya yake.

Jina la ukoo wao kwa kweli lilikuwa Bönickhausen. Babu wa zamani alitoka Ujerumani, upande wa milima ya Eifel, na Wafaransa walioshindwa kutamka jina lake wakazoea lile la milima. Baadaye, nyuma ya vita vya Ufaransa na Ujerumani vya 1870, jina la Kijerumani lilikuwa mzigo kwa mtu wa biashara. Gustave akaliacha kisheria, akabaki Eiffel tu.

Shuleni hakuwa nyota. Alifanya mtihani wa kuingia Polytechnique, shule kubwa kuliko zote kwa wainjinia wa Ufaransa, akashindwa. Akaingia École Centrale, akamaliza mwaka wa 1855. Na alisomea nini? Kemia! Familia ilitegemea arithi kiwanda cha mjomba wake. Kukatokea ugomvi wa kifamilia, mlango ule ukafungwa. Kijana akaanza kutafuta kazi kama vijana wetu wenye diploma wanavyotafuta leo, akaangukia kwa bwana mmoja wa Paris, Charles Nepveu, aliyetengeneza vifaa vya reli. Kumbe ugomvi wa nyumbani njo ulimpeleka kwenye vyuma.

Kilalo cha Bordeaux

Wakati ule reli zilikuwa zinaenea Ulaya yote, na kila mto ulitaka kilalo. Mwaka wa 1858 Eiffel alipewa kusimamia kilalo cha treni juu ya mto Garonne, pale Bordeaux. Kilikuwa na urefu wa karibu metre 500, mto wenyewe ulikuwa na mkondo mkali, na yeye hakuwa amefikisha miaka 26.

Taabu ilikuwa chini ya maji. Nguzo zilipaswa kushuka katika matope mpaka zikute ardhi ngumu. Eiffel alitumia hewa iliyosukumwa kwa nguvu ndani ya vyumba vya chuma vilivyozamishwa. Hewa ile inazuia maji kuingia, na wafanyakazi wanachimba chini ya mto wakiwa pakavu. Kwa kusukuma nguzo chini alitumia nguvu ya maji yaliyobanwa, kama jeki zinazoinua kamio garajini. Mwaka wa 1860 kilalo kilikuwa tayari, na wakubwa wa reli wakaanza kumjua.

Mwaka wa 1862 alioa Marie Gaudelet, binti wa Dijon. Walizaa watoto watano. Marie alikufa mwaka wa 1877, akiwa bado kijana, na Eiffel hakuoa tena. Claire, mtoto wao wa kwanza, njo alishika nyumba na kubaki karibu na baba yake miaka yote.

Atelye ya Levallois

Mwaka wa 1866 Eiffel alifungua atelye yake mwenyewe pale Levallois-Perret, karibu kabisa na Paris. Miaka miwili nyuma yake akaungana na injinia Théophile Seyrig, aliyeleta pesa na akili. Ukitaka kuelewa kazi ya Eiffel, uache mnara kwanza, uingie katika atelye hii.

Fundi wengi, wa zamani na wa leo, wanajenga hivi: unaleta chuma, unapima palepale, unakata, unajaribu, kisipoingia unapiga nyundo mpaka kiingie. Kwa mlango wa nyumba inaweza kupita. Kwa kilalo cha treni, chuma kilicholazimishwa kinabaki kimekazwa ndani yake, na siku mzigo ukija, pale njo kitaanzia kuvunjika.

Eiffel alifanya kinyume. Kila kipande kilichorwa plani yake, kila tundu la riveti likahesabiwa nafasi yake, na hesabu zilitafutwa mpaka sehemu ya kumi ya milimetre moja. Kukata na kutoboa kulifanyika atelye, chini ya paa, kwa mashini. Kule kwenye mto ama mlima, kazi ilibaki kupandisha na kufunga. Kipande kisipoingia, hakipigwi nyundo wala tupa. Kinarudishwa Levallois.

Na wakati ule hakukuwa kusude kama tunavyojua leo. Vyuma viliunganishwa na riveti, na kazi ile ilitaka watu wane. Mmoja anachoma riveti katika makala mpaka inakuwa nyekundu. Wa pili anaitia katika tundu na kushikilia kichwa chake. Wa tatu anashika chombo cha kutengeneza kichwa cha upande mwingine. Wa nne anapiga nyundo nzito. Riveti ikipoa inajikunja, na ikijikunja inabana vyuma viwili kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi. Lakini yote inategemea tundu. Matundu mawili yasipokutana sawasawa, hata watu wane wenye nguvu hawasaidii kitu.

Vilalo, sanamu, na vyuma vya kufunga kwa buloni

Mwaka wa 1877 kazi ya Levallois ilionekana kwa wote pale Porto, Ureno. Mto Douro una maji mengi na matope mengi, hakuna mahali pa kusimamisha nguzo katikati. Eiffel na Seyrig walipeleka tao moja la chuma la metre 160, na bei yao ilikuwa ya chini kuliko ya wengine walioshindana nao. Nusu mbili za tao zilianza huku na ngambo, zikishikiliwa juu na kamba za chuma, zikaendelea kusogeleana hewani mpaka zikakutana. Kipimo kikiwa kimekosewa kule atelye, zisingekutana.

Hapa tuseme ukweli: hesabu nyingi za tao lile zilikuwa za Seyrig. Mwaka wa 1879 hao wawili waliachana, na baadaye Seyrig alichora kilalo kingine kikubwa palepale Porto, kilichojengwa na kampuni ya Kibeleji, Willebroeck. Nafasi yake kwa Eiffel ikachukuliwa na kijana Maurice Koechlin.

Mwezi wa Desemba 1879, kule Scotland, upepo mkali wa usiku uliangusha kilalo cha mto Tay pamoja na treni iliyokuwa juu yake. Wainjinia wote wa Ulaya waliogopa. Eiffel alikuwa anatayarisha kilalo cha Garabit katika milima ya Ufaransa, pahali penye upepo, metre 122 juu ya maji. Jibu lake lilikuwa kuacha chuma wazi, vipande vyembamba vilivyosukwa kama kitunga, ili upepo upite ndani badala ya kusukuma ukuta. Kilalo kilimalizika mwaka wa 1884, kikiwa na tao la metre 165.

Miaka ileile Levallois ilitengeneza mifupa ya chuma ya sanamu ya Uhuru, ile inayosimama mlangoni mwa New York. Watu wanaona nguo za shaba kwa inje. Ndani kuna nguzo za chuma zinazobeba kila kitu, kazi ya Koechlin pamoja na Eiffel. Sanamu yote ilifungwa kwanza Paris, ikatazamwa, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa meli, ikafungwa tena kule na kuzinduliwa mwaka wa 1886.

Lakini kitu kinachotugusa zaidi sisi ni vilalo vyake vya kubebeka. Eiffel alitengeneza vilalo vya barabara vyenye aina chache tu za vipande, vyepesi, vinavyofungwa na buloni badala ya riveti. Havikuhitaji fundi wa makala na nyundo. Watu walifunga kilalo kikiwa kwenye ukingo mmoja wa mto, halafu wanakisukuma mpaka ngambo. Alivipeleka mbali, mpaka Cochinchina, ambayo leo ni sehemu ya Vietnam, na bila shaka serikali za kikoloni zilivipenda kwa sababu zao. Vilalo vya vipande tunavyoviona huku kwetu, wengi wanaviita Bailey, kwa jina la Mwingereza Donald Bailey aliyetengeneza vyake wakati wa vita vya pili vya dunia. Wazo ni lilelile: kazi ngumu ifanyike atelye, ili kazi ya mtoni iwe nyepesi.

Mnara wa jina moja na mikono mingi

Mwaka wa 1884, wakati Ufaransa ilikuwa inatayarisha maonyesho makubwa ya 1889, Koechlin na mwenzake Émile Nouguier walichora mnara wa chuma. Eiffel aliutazama bila kuupenda sana. Kisha Stephen Sauvestre, injinia wa majengo, akautengeneza sura, na hapo bosi akabadilika. Alinunua haki za mchoro kwa vijana wake, akaupigania kwa wakubwa, akatia pesa zake mwenyewe. Wenye wazo walikuwa wengine, lakini yeye njo aliyebeba hatari.

Kazi ilianza Januari 1887. Wasanii na waandishi wakubwa wa Paris walitoa barua ya kupinga, wakiona chuma kile kitaharibu muji wao. Eiffel aliendelea. Vipande 18.038, riveti milioni 2 na nusu, tani 7.300 za chuma. Plani zilikuwa zaidi ya 5.000. Juu ya mnara wenyewe walifanya kazi watu wapatao 150 mpaka 300 tu, kwa sababu wengine wote walikuwa Levallois, wakikata na kutoboa.

Miguu mine ya mnara ilipanda ikiwa imeinama, na ilipaswa kukutana kwenye gorofa ya kwanza. Chini ya miguu Eiffel alikuwa ameweka jeki, na kwenye majukwaa ya kuishikilia masanduku ya mchanga. Ukifungua mchanga kidogo, chuma kinashuka kidogo. Ukipiga jeki, kinapanda. Desemba 1887 miguu yote ilishikana na mikanda ya gorofa ya kwanza, na matundu yakaangaliana.

Wafanyakazi walipigwa na baridi na upepo. Septemba 1888 waligoma juu ya masaa na malipo, kwa kuwa hatari ilizidi kila walivyopanda. Eiffel alikubali kuongeza malipo polepole. Alikuwa ameweka pia vizuizi vya kuzuia watu wasianguke, kitu ambacho mabosi wengi wa wakati ule hawakujali. Tarehe 31 Machi 1889 mnara ulimalizika, miaka 2 na miezi 2 tu nyuma ya kuanza. Kwenye chuma waliandika majina ya wanasayansi 72 wa Ufaransa. Wale wa makala na nyundo hawamo katika orodha ile.

Miaka ya aibu

Mwaka uleule wa 1889, wakati watu milioni mbili walikuwa wanapanda mnara, shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa upande mwingine. Ferdinand de Lesseps, aliyechimba mfereji wa Suez, alikuwa anajaribu kuchimba wa Panama. Desemba 1887 Eiffel alichukua kazi ya kutengeneza milango mikubwa ya kupandisha na kushusha meli. Februari 1889 kampuni ya Panama ilianguka, na Wafaransa wengi wadogo waliotia akiba yao mle walibaki mikono mitupu.

Eiffel alipelekwa tribinali pamoja na wakubwa wa kampuni. Mwaka wa 1893 alihukumiwa miaka 2 ya kifungo na faini ya franga 20.000, kwa makosa ya matumizi ya pesa. Alilala gerezani siku chache tu. Mahakama ya juu ilivunja hukumu kwa sababu muda wa kisheria wa kumshitaki ulikuwa umepita. Basi hakubaki mfungwa, lakini jina lake lilibaki na alama.

Katikati ya mambo yale kukatokea lingine zito zaidi. Tarehe 14 Juni 1891, pale Münchenstein, Uswisi, kilalo cha treni ambacho kampuni yake ilijenga mwaka wa 1875 kilivunjika chini ya treni iliyojaa watu. Zaidi ya 70 walikufa.

Wachunguzi walikuta sababu zimekutana. Chuma cha pahali fulani hakikuwa kizuri. Miaka kumi mbele yake mafuriko yalikuwa yameharibu msingi. Treni zilikuwa zimekuwa nzito kuliko zile za 1875. Na hesabu za wakati ule zilikuwa na upungufu. Chukua mwanzi mwembamba, uusukume pande zote mbili: hauvunjiki kwa kusagika, unapinda pembeni ghafla. Vipande vya kilalo vinavyosukumwa vinafanya vilevile. Profesa Ludwig von Tetmajer alionyesha kwamba fomula iliyotumiwa ilihesabu nguvu kubwa kuliko ile ambayo vipande vya namna ile vinaweza kubeba. Tangu hapo Uswisi iliweka kanuni kali za kuhesabu na kujaribu vilalo.

Hapa njo tunapata somo ambalo mnara hautufundishi. Fundi aliyepima mpaka sehemu ya milimetre alikuwa na kilalo kilichoanguka. Kipimo kizuri cha siku ya kwanza hakilindi kilalo miaka yote, wakati mto unakula msingi na mizigo inaongezeka.

Mzee na upepo

Nyuma ya Panama, Eiffel aliacha biashara ya ujenzi. Miaka 30 iliyobaki aliitumia kwa sayansi. Alipima hali ya hewa juu ya mnara. Aliangusha vitu kutoka gorofa ya pili kwa kupima namna hewa inavyovizuia. Mwaka wa 1909 alijenga chini ya mnara chumba cha kupuliza upepo, akakihamishia Auteuil mwaka wa 1912, na watu wa ndege wa mwanzo walileta kwake mabawa yao yapimwe.

Mnara wenyewe ulikuwa hatarini. Ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu, na nyuma yake muji ungeweza kuubomoa. Unajua nini kiliuokoa? Redio! Eiffel alimfungulia mlango kapiteni Gustave Ferrié afunge antena zake juu, na simu bila waya zikaanza kusafiri mbali. Jeshi liliona faida, na mwaka wa 1910 ruhusa ikaongezwa kwa miaka 70. Wakati wa vita vya 1914 mnara ule ulinasa habari za adui. Sisi watu wa redio ya mtaa tunapenda kukumbuka habari ile. Mlingoti wa antena uliojengwa kwa korniere na buloni ni mjukuu mdogo wa mnara ule.

Eiffel alikufa tarehe 27 Desemba 1923, akiwa na miaka 91. Alizikwa Levallois, muji wa atelye yake.

Kilichobaki kwetu

Mnara uliojengwa kwa miaka 20 umesimama zaidi ya miaka 130. Kwa sababu gani? Vipimo, ndiyo. Lakini pia kwa sababu karibu kila miaka 7 watu wanaupanda wakiwa na burashi, wanakwangua kutu na kupaka rangi upya, chuma kwa chuma. Eiffel mwenyewe alijua kwamba bila rangi chuma hakidumu.

Sasa tujiulize juu ya vilalo vyetu. Vipande vinafika, sherehe inafanyika, utepe unakatwa. Halafu nani anarudi kukaza buloni? Nani anazuia kamio yenye tani mbili mara ya zile zilizoandikwa kwenye kibao? Na yule anayefungua buloni usiku akauze chuma, anajua kwamba anafungua pia njia ya mama mwenye mimba wa kijiji kinachofuata?

Kwa hiyo, musomaji, ukivuka kilalo cha chuma kesho, tazama kidogo chini. Ukiona tundu tupu pahali buloni ilikuwa, ama maji yamekula udongo pembeni ya msingi, usipite tu. Mwambie chifu, uwaambie watu wa barabara, na wasiposikia, uje utuambie hapa redioni tulitangaze.